Nukta Nyekundu Zilizobaki

Watu wa Xiaobei, mtaa wa Waafrika mjini Guangzhou, China, hawaanzi mazungumzo na biashara. Huanza na waliobaki nyumbani. Watoto wanasoma? Mama amepona mguu? Na kwa Albertine, mwanamke wa Lubumbashi mwenye miaka arobaini na mitano na pete nyembamba ya ndoa kidoleni, salamu ilikuwa moja siku zote.

"Mzee wa nyumbani hajambo?"

"Hajambo, anawasalimu."

Alijibu hivyo kwenye lifti za majengo ya maduka ya jumla, kwenye foleni ya wakala wa mizigo, kwenye mgahawa ambako Wakongomani na Watanzania hugombea kibakuli kimoja cha pilipili. Alijibu haraka na kwa upole, kama mtu anayerudishia mlango ili mtoto asiamke. Mzee mwenyewe, Nicolas, alikuwa kaburini mwaka wa nne.

Alikufa wakati mipaka imefungwa kwa ajili ya korona. Ndege hazikuwapo, na aliyetoka China hakujua kama angeruhusiwa kurudi. Albertine alimzika mumewe kwa simu. Arnaud, mdogo wa marehemu, ndiye aliyeshika simu makaburini, mkono wake ukitetemeka, na kioo kikaonyesha udongo mwekundu, viatu vya watu, kisha udongo tena. Mtandao ulikatika kabla msalaba haujasimikwa. Upande huu, katika chumba cha ghorofa ya saba, Albertine alibaki ameshika simu iliyozima. Hakuna aliyekuja kukaa naye matanga, kwa sababu hakumwambia mtu.

Alikuwa na sababu. Alikuwa ameona yaliyompata Benedicta, mfanyabiashara mwenzake wa Kolwezi. Benedicta alitangaza msiba wa mumewe kanisani. Ilipofika Jumapili ya pili wanaume watatu walikuwa wamejitolea kumbebea mizigo, na wa nne alikuwa amekwisha kumgongea mlango bila mzigo wowote. Mwanamke mwenye mume, hata mume awe mbali namna gani, huachwa apite. Basi Albertine akabaki na mume.

Biashara yake ya nguo za soko la Shahe ilikufa mwaka huohuo. Kilichomwokoa ni mkono. Ujanani alikuwa amesoma uchoraji miaka miwili, akaacha alipoolewa. Sasa akaenda kuomba kazi katika chumba cha michoro, mahali wanapochora nakshi za vitambaa kabla ya kupelekwa kiwandani kuchapwa. Bosi, mama wa Kichina ambaye kila mtu alimwita Laoban, alimpa kalamu na karatasi, akamtazama akichora jani moja la mhogo, kisha akamwonyesha kiti.

Wateja wa chumba kile wengi walikuwa Wahindi. Mwanzoni kwa Albertine yote yalikuwa "michoro ya Kihindi", kitu kimoja, kama vile Laoban alivyodhani Kongo na Zanzibar ni mitaa miwili ya mji mmoja. Siku moja akapewa kazi ya pazia. Akachukua watu wembamba weupe kutoka kwenye jalada moja, akawazungushia pindo la maua mazito kutoka jalada lingine, na akajisifu moyoni. Mteja alipokuja kulitazama alicheka mpaka akavua miwani. Aliitwa Bwana Jha. Alikuwa amefanya biashara Kariakoo miaka kumi na mitano, na Kiswahili chake kilikuwa cha Dar es Salaam kabisa.

"Mama, hapa umemvisha bwana harusi wa Unguja lubega la Kimasai, halafu ukampa fimbo ya askofu."

Akaketi, akamfundisha. Wale watu weupe ni wa Wawarli, wakulima wa vilima vya kaskazini ya Mumbai. Huwachora kwa unga wa mchele juu ya ukuta wa udongo, kifua pembetatu, kiuno pembetatu, ncha zikigusana. Lile pindo ni la Odisha, ambako kitambaa hupakwa gundi ya mbegu za ukwaju na chokaa mpaka kiwe kama ngozi, na mchoraji huanza na pindo ndipo aingie ndani. Watu wa Rajasthan wana vitambaa virefu vya visa vya mashujaa wao, na jicho la shujaa huchorwa mwisho kabisa, kwa sababu likishafunguka kile si kitambaa tena, ni mahali pa ibada. Gujarat kuna watu waliofukuzwa milangoni mwa mahekalu, wakajichorea hekalu lao kwenye nguo wakawa wanalikunja na kusafiri nalo. Hilo Albertine alilipenda; alimtaka arudie.

"Na kwenu wewe?"

"Kwetu ni Mithila, Bihar. Kwetu ukuta ni wa wanawake. Mstari haukai peke yake, lazima awepo pacha wake, na katikati yao vijistari vidogo kama miguu ya jongoo. Na nafasi tupu haiachwi. Kabisa."

Miaka mitatu ikapita. Kila jimbo likaingia mkononi mwake kwa zamu, lakini Mithila ilikaa. Labda kwa sababu ya ile mistari miwili.

Ndiyo maana Bwana Jha alipokuwa akimwoza binti yake, Vaidehi, alikwenda kumtafuta Albertine. Arusi ingefanyika hapahapa Guangzhou, kwa kuwa bwana harusi alikuwa akifanya kazi Shenzhen. Katika desturi ya Mithila, maarusi huketishwa ndani ya chumba chenye picha inayoitwa kohbar: mwanzi umesimama katikati ya majani ya yungiyungi, mwanzi ndiye bwana, majani ndiyo bibi, na kuwazunguka samaki, kobe, kasuku wawili wawili, jua na mwezi. Picha ile ndiyo inayoibariki ndoa. Huchorwa na wanawake wa nyumbani. Nyumba ya Jha haikuwa na wanawake wa kutosha. Mama yake Vaidehi alifariki Dar es Salaam binti akiwa na miaka tisa.

"Nakuomba mkono wako siku mbili," Bwana Jha alisema. Kisha akasita, akatazama ile pete. "Mumeo yupo? Mzima?"

"Yupo, Lubumbashi. Anawasalimu."

Alidhani ni yale maswali ya wenye nyumba, wanaotaka kujua kama mpangaji ni mtu mwenye heshima zake. Jibu lilitoka lenyewe, kama linavyotoka kwenye lifti.

*

Mwenye nyumba alikuwa amekataza hata msumari, kwa hiyo kitambaa cheupe kipana kama shuka kilibandikwa ukutani kwa gundi ya karatasi. Albertine alichora kwa kijiti cha mwanzi kilichofungwa pamba nchani, kwa wino wa masizi. Nyuma yake, kwenye kiti cha plastiki, aliketi mama mzazi wa Bwana Jha, mwanamke mwembamba wa miaka sabini na kitu, mwenye sari nyeupe isiyo na pindo. Vaidehi alimwita Dadi, yaani bibi mzaa baba, na kila aliyeingia akamwita hivyohivyo. Dadi hakujua Kiswahili wala Kiingereza. Alijua kohbar. Mstari ukipinda, aliguna. Jicho la samaki likiwa dogo, alipiga kiti kwa kofi.

"Anasema samaki wako anasinzia," Vaidehi alitafsiri. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na bado aliongea kama msichana wa Upanga, Dar es Salaam.

"Mwambie amechoka kutazamwa."

Dadi alipotafsiriwa alicheka bila sauti, mabega yakiruka.

Siku ya pili, saa nane mchana, picha ilikuwa imekamilika isipokuwa wekundu. Ndege ya wazazi wa bwana harusi ilitarajiwa uwanja wa Baiyun saa kumi, na Bwana Jha alikuwa amekwisha kuondoka kuwapokea. Saa kumi na mbili wangekuwa mlangoni. Zilibaki nukta nyekundu, zinazotiwa kwa kidole na ile poda ambayo wake wa Kihindi huipaka penye njia ya nywele. Bakuli la poda lilikuwa tayari juu ya kigoda.

Albertine alirudi nyuma hatua tatu, akatazama. Hakuwahi kuchora kitu kizuri hivi. Kasuku walikuwa wakitazamana kama watu waliosikia siri moja. Furaha ikamfanya atake kumgawia mtu.

"Dadi ameniongoza siku mbili nzima. Kwa nini asichore hata samaki mmoja kwa mkono wake? Hapa chini kuna nafasi."

Vaidehi hakutafsiri. Aliinamisha kichwa. "Hawezi, Dada."

"Mikono inamutetemeka?"

"Mikono yake ni mizima. Alikuwa mchoraji wa kijiji kizima. Watu walimfuata kwa mkokoteni. Lakini babu alipokufa aliweka kijiti chini. Kwetu mjane hashiki kohbar. Hata kuigusa." Akashusha sauti, ingawa bibi yake asingeelewa. "Arusi ya mama yangu, shangazi mmoja mjane alisaidia kuchora, kwa siri, maana siku zilikuwa zimebana. Dadi alikuja kujua baadaye. Mama alipokufa akiwa na miaka thelathini na moja, Dadi alisema ni ile kohbar. Ndiyo maana baba alikuuliza habari za mumeo."

Nje, ghorofa kumi na tisa chini, pikipiki za umeme zilikuwa zikipigiana honi. Albertine alizisikia moja moja.

"Na wewe unaamini?"

"Mimi? Mimi nimesoma uhasibu." Vaidehi alicheka kidogo, kisha akaacha. "Siamini, Dada. Lakini sitaki kujaribu."

Kijiti cha mwanzi kilikuwa bado mkononi mwa Albertine. Alikiweka juu ya kigoda, taratibu, kando ya bakuli la poda. Akakumbuka mstari wa kwanza alioupiga jana asubuhi. Akaukumbuka wa mwisho. Baina yao hapakuwa na nafasi hata moja ambayo haikupitiwa na mkono wake.

Nyamaza, alijiambia. Umenyamaza miaka minne. Tia nukta zako, nawa mikono, panda treni.

Dadi alikuwa akisema jambo, na uso wake ulikuwa umelainika. Vaidehi akatabasamu.

"Anasema kabla hujatia nukta, anataka kumsalimia mumeo. Kwa simu, ya picha. Anataka kumshukuru kwa kutuazima mkono wako siku mbili."

"Sasa hivi huko ni asubuhi. Eko kazini."

"Dakika moja tu. Saa hii huko ni saa mbili, sivyo? Hata kama anakunywa chai." Vaidehi alikuwa tayari amemsogezea Dadi kiti karibu na dirisha, kwenye mwanga. "Ameshajifunga vizuri, angalia. Dada, usimnyime."

Dadi alikuwa amevuta ushungi wa sari juu ya kichwa, kama mtu anayekwenda kumwona mkwe.

"Ninywe maji kwanza," alisema Albertine.

*

Jikoni alifungulia bomba ili pawe na kelele. Vidole vyake vilijua vinakokwenda. Akamwandikia Arnaud: *Uko wapi? Jifanye Nicolas dakika moja. Kuna bibi muzee wa Kihindi anataka kusalimia bwana yangu. Usiulize.*

Jibu lilikuja kabla maji hayajajaa kikombe. *Niko nyumbani. Haina shida, belle-sœur. Miye njo bwana yako mudogo, hapana? Nivale shati?*

*Vaa.*

Bwana mdogo. Kwao, mdogo wa mume huitwa hivyo, kwa utani na kwa kweli, naye humwita mke wa kaka belle-sœur, shemeji. Shemeji hukuchokoza, hukuomba chakula, na zamani kaka akifa yeye ndiye aliyeachiwa nyumba na mjane. Albertine alilishika neno hilo kwa nguvu. Si uongo wote, alijiambia. Ni mume kidogo. Bibi atamwona mwanamume mwenye uso wa Nicolas, ataridhika, nukta zitatiwa, na kesho msichana atakaa chini ya kohbar akiwa na furaha. Nani ataumia?

Alifunga bomba, akarudi chumbani, akapiga.

Arnaud alipokea mara moja. Alikuwa ameketi wima mno, kama anapigwa picha ya pasi ya kusafiria, na nyuma yake ulionekana ukuta wa rangi ya maji wa nyumba yao ya mtaa uitwao Kenya, Lubumbashi. Alikuwa amevaa shati la mistari ya kijani. Albertine alilijua shati lile kabla hajaujua uso. Alilinunua Shahe, safari yake ya pili, akabishana na muuzaji nusu saa kwa sababu Nicolas alipenda kola ngumu. Baada ya mazishi nguo zilikuwa zimegawanywa.

"Jambo sana, Maman!" Arnaud alipaza sauti kumwelekea Dadi. "Bibi yangu anatumika muzuri huko? Akileta kichwa nguvu, muniambie!"

Vaidehi alicheka, akatafsiri: anauliza kama mkewe anafanya kazi vizuri, na akiwa mkaidi aambiwe. Dadi alikusanya viganja vyake mbele ya kifua, akainama kuelekea kioo, akaanza kusema polepole, kwa sauti ya mtu anayesoma.

"Anakubariki," Vaidehi alimwambia Arnaud. "Anasema uishi miaka mingi. Anasema mzeeke mkiwa pamoja, na kwamba wewe usimtangulie mkeo, wala..."

Picha ikaanza kutikisika. Ukuta wa rangi ya maji ukapanda, ukashuka; shati likapotea, likarudi. Albertine alitazama akishangaa kwa nini Arnaud anatikisa simu tena, kama siku ile, kama alivyoitikisa juu ya udongo. Kisha akaona kwamba mkono unaotetemeka ni wake.

"Arnaud, kata."

"Iko nini, belle-sœur?"

"Kata simu."

Arnaud alikata. Chumba kikabaki na Dadi aliyekusanya viganja mbele ya kioo cheusi.

"Mtandao?" aliuliza Vaidehi.

"Hapana." Albertine aliiweka simu juu ya kigoda. Alisema kwa Kiswahili cha Vaidehi, pole pole, ili lisibaki neno la kuulizia. "Yule si mume wangu. Yule ni shemeji. Mume wangu alikufa. Mwaka wa nne sasa."

Vaidehi alimtazama. Akautazama ukuta. Kobe, samaki, kasuku, mwanzi. Uso wake ukapauka kuanzia midomoni.

"Siku mbili," alisema. "Siku mbili umekaa hapa unachora, unakula na sisi, unanitania..."

"Sikujua desturi. Nimeijua sasa hivi, umeniambia wewe."

"Ungenyamaza basi! Si ulishaanza kunyamaza? Kwa nini usingemaliza?" Akageuka haraka kumtazama bibi yake, akashusha sauti mpaka ikawa pumzi. "Sikiliza. Dadi haelewi hata neno moja hapa. Tia nukta. Wewe baki na siri yako, mimi nitabaki na picha yangu. Hakuna atakayejua."

"Utajua wewe."

"Nimekwambia siamini!"

"Siku mume wako akichelewa kurudi nyumbani," alisema Albertine, "mvua inanyesha, na simu yake haipatikani, utanikumbuka miye. Utaukumbuka mkono huu. Sitaki unikumbuke hivyo, mutoto wangu."

Vaidehi aliupa ukuta mgongo. Machozi yalimjia kwa hasira. Dadi aliuliza neno moja, fupi. Akaliuliza tena. Hakumtazama mjukuu wake. Alikuwa akimtazama Albertine, ile pete, kisha macho, kisha pete.

Vaidehi akamwambia.

Dadi aliinuka. Alitembea mpaka mbele ya picha, mikono nyuma, akaitazama kutoka pembe hadi pembe. Kisha akageuka, akaja, akamshika mkono. Kidole gumba chake kikavu kiliizungusha ile pete mara moja, mara ya pili, kama mtu anayejaribu kama mlango umefungwa. Akasema.

"Anauliza, siku ile ulikaa na nani?"

"Siku gani?"

"Siku alipokufa."

"Na mtu hapana. Peke yangu."

Vaidehi alitafsiri. Dadi akafumba macho, akayafumbua, akasema maneno mengi, kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Vaidehi alichelewa kuyavusha.

"Anasema picha hii haiwezi kubaki ukutani." Akavuta pumzi. "Anasema ni nzuri kuliko zote alizowahi kuchora yeye, na kwamba tangu jana amekuwa akiomba ukosee mahali, asikuonee wivu. Lakini haiwezi kubaki."

"Mwambie najua."

Wakaibandua wote watatu. Hapana, wawili, Dadi alishika mikono yake nyuma. Gundi ilitoa sauti ya kuchanika kila pembe. Saa ya ukutani ilisema saa tisa kasorobo.

*

Ukuta mtupu ulikuwa mbaya kuliko chochote. Vaidehi aliketi sakafuni chini yake na simu mkononi, akitaka kumpigia baba, asijue angemwambia nini.

Ni Dadi aliyemsogezea kigoda chenye kijiti cha mwanzi, akikisukuma kwa ncha ya kiatu, bila kugusa kijiti.

"Mimi?" Vaidehi alisema. "Dadi, mimi siwezi kuchora!" Akamgeukia Albertine. "Wasichana wanaruhusiwa. Lakini mara ya mwisho nimechora na mama, kwenye daftari la hesabu."

"Daftari la hesabu lina mistari," alisema Albertine. "Inatosha. Leta kitambaa kidogo."

Kilikuwepo kipande cha akiba, ukubwa wa mto. Wakakibandika. Albertine alikaa chini upande wa kushoto, akaikalia mikono yake, maana ilikuwa ikinyanyuka yenyewe kila mara. Dadi alikaa upande wa kulia. Wajane wawili, kila mmoja na lugha yake, wakamwelekeza msichana mmoja.

"Anza na mwanzi. Simama nao wima, kama uzio wa jirani usiyempenda."

"Umepinda!"

"Uache upinde. Usirudi. Mstari wa pili sasa, pembeni yake. Mithila haina mstari wa peke yake, baba yako njo alinifundisha."

Dadi aliguna. Vaidehi alitafsiri akiwa ameuma ulimi: "Anasema kobe wangu ni chapati."

"Mutie miguu."

Saa kumi na nusu simu ililia. Bwana Jha alisema wageni wameshuka, wanasubiri mizigo, muda si mrefu watakuwa njiani. Hakuna aliyemwambia kitu. Vaidehi alidondosha tone la wino mahali ambapo mwezi ulipaswa kuwa, akapiga kelele. Dadi na Albertine walilitazama tone kwa pamoja. Dadi akachora duara hewani kwa kidole. Albertine akasema, "Mugeuze jua." Vaidehi akaligeuza jua. Walipofika kwenye nafasi tupu za mwisho mkono wake ulikuwa umechoka, na vijistari vikatoka virefu na vifupi, kama meno ya mtoto, lakini hapakubaki mahali patupu. Mwanzi mmoja, majani matatu, kobe mmoja, samaki wawili wasiosinzia.

Kengele ya mlango ililia saa kumi na mbili na dakika tano.

Mama wa bwana harusi aliingia na baridi ya gari bado nguoni, mwanamke mnene mwenye bangili mpaka nusu ya mkono. Baada ya salamu aliongozwa chumbani. Bwana Jha, nyuma yake, aliuona ukuta, akaona kitambaa kilichokunjwa kwenye kona, akamtafuta Albertine kwa macho. Albertine alikuwa amesimama mlangoni, nje ya kizingiti. Dadi alimwambia mwanawe maneno matatu. Bwana Jha akainamisha kichwa.

Mgeni aliinama mbele ya picha ile iliyopinda. Akauliza jambo.

"Mimi," Vaidehi alijibu kwa lugha yao, na neno hilo hata Albertine alilielewa.

Yule mama alimtazama mkwewe, vidole vyeusi kwa wino. Kisha akavua viatu, akapiga magoti, akachovya kidole kwenye bakuli la poda. Nukta ya kwanza aliitia juu ya mwanzi. Ya pili juu ya jani. Alikuwa na mume wake hapohapo ukumbini, akilalamika kwa sauti juu ya chakula cha ndege.

Albertine aligeuka ili aondoke. Mkono mkavu ukamshika kifundo cha mkono, ukamvuta chini. Dadi alikuwa ameketi kizingitini, sari nyeupe imekusanywa magotini, na alimkalisha kando yake. Hakumwachia mpaka nukta ya mwisho.

*

Alitoka na kile kitambaa kimeviringishwa, kwa sababu Dadi alikataa kitupwe. Xiaobei bado ilikuwa na mwanga. Mbele ya jengo la mizigo, Ghalib, wakala kutoka Zanzibar, alikuwa akifunga maboksi kwa gundi. Alimwona kwa mbali.

"Dada Albertine! Umepotea siku mbili. Mzee wa nyumbani hajambo?"

Albertine alisimama. Alitegemeza kitambaa ukutani, kwa uangalifu, kisikunjamane.

"Ghalib, kaka yangu. Mzee alikufa."

Ule mkanda wa gundi ulibaki hewani. "Inna lillahi. Lini?"

"Siku nyingi. Sikuwaambia."

Ghalib akauweka mkanda chini. Aliingia ndani, akatoka na viti viwili vya plastiki, akavipanga kando ya maboksi, akavuta mlango wa shata wa duka lake mpaka nusu. Mkongomani aliyekuwa akisubiri mzigo wake akauliza, akaambiwa, akavua kofia, akaketi juu ya boksi. Akaja mwingine. Mtu akaleta chai. Albertine alilia katikati yao bila kujificha, na malori yakaendelea kupita.

Alipoinuka kwenda zake, mwanamume mmoja ambaye hakumfahamu alisimama haraka, akajitolea kumbebea ule mzigo hadi kwake.

"Asante, Papa," alisema Albertine, akiukumbatia. "Huu nitaubeba mwenyewe."